Kanzu ya Tatu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sikuandika ili mcheke. Nimeandika kwa sababu ninyi mmechoka kuniuliza na mimi nimechoka kuwajibu nusu nusu. Kila jioni mkikaa na mama yenu mkataja mababu wa upande wa babu yenu Mwarabu, mnataja jina la kwanza, mnanyamaza kidogo, mnaingia la tatu. La pili mnaliruka kama watu wanaoruka shimo njiani. Juzi mmoja wenu amekuja na ramani ya shule, akaweka kidole Arabuni juu ya mji wa Sanaa, akasema anafanya mpango aende huko akalitafute hilo jina. Amekwisha kupiga mstari kwa kalamu nyekundu, kutoka Kyela mpaka Sanaa, mstari mmoja mfupi kama mkia wa panya. Nikamwambia, mjukuu wangu, mstari huo niliwahi kuuona ukichorwa, tena na mtu aliyeijua njia, na mimi ndiye niliyeufuta.

Kusoma kwangu ni kwa darasa la ubatizo tu, na hilo nililipata nikiwa mtu mzima. Basi msitafute maneno mazuri humu. Majina sitaandika, hata langu. Mkifika mwisho mtajua sababu, na asiyefika mwisho asiniulize tena.

Babu yenu alifika kwetu Mwaya, ufukoni mwa ziwa, nikiwa bado msichana, wakati Wajerumani wamekwisha kujenga boma lao kule juu, ambako sasa mnapaita Tukuyu. Hizi kakao zenu hazikuwapo. Mpunga ulikuwa kitu kigeni, watu wa Makwale wakiulima kidogo huku wakiucheka. Yeye aliuza nguo, chumvi na shanga. Hakuwa Mwarabu wa Unguja. Alikuwa mtu wa milimani, mfupi, mwenye vigimbi vigumu vya miguu, na kila alipotazama milima ya Ukinga upande wa mawio alisema hiyo si milima, hayo ni matuta ya viazi. Baba yangu alimpenda kwa sababu alitoa ng'ombe bila kubishana. Mimi sikuulizwa. Nilimzoea, baadaye nikampenda kidogo, na hapo sitasema zaidi.

Nilipoolewa, mama yangu alinipa sheria ile ile aliyopewa yeye. Ninyi mmeiacha, mnakaa meza moja na baba wakwe zenu mnapasuliana samaki. Kwetu mke hakumtazama baba wa mumewe. Akisikia anakuja njiani, anaingia migombani na kugeuza uso. Nyumba anamolala mkwe haingii. Jina la mkwe halitaji, wala neno linalokaribiana nalo. Mama yangu alizeeka akiliita jembe “kile cha kulimia”, kwa kuwa jina la mkwe wake lilikaa karibu na jembe kwa lugha yetu. Ndiyo maana vijana wa zamani walijenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao: wake zao wapate pa kupita.

Nikamwambia mama kwamba mkwe wangu yuko Arabuni, hajawahi kuniona wala hataniona, sasa nimkwepe nani?

“Yeye hatajua,” mama akasema. “Wewe utajua.”

Basi nikamkwepa mtu asiyekuwapo. Waarabu huitana fulani bin fulani, na sokoni kila mtu alimwita babu yenu hivyo, kwa hiyo jina la mkwe nililisikia kutwa nzima, kwa wauza samaki na kwa wabeba chumvi. Mimi nilimwita bwana, basi. Miaka kumi halikupita kinywani mwangu. Yeye alidhani silijui.

Tulizaa mtoto mmoja, mama yenu. Alipofika miaka kama tisa hivi, barua ikaja.

Ilikuwa imetembea mwaka mzima na kona zake zimelika. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, akalia mbele ya wateja. Baba yake amezeeka, macho yanafifia, anataka kumwona mjukuu kabla hayajazima. Nikampa pole na maji ya kunawa. Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, akachukua kijiti akaanza kuchora uani kwangu.

“Hapa Mwaya,” akasema. Kutoka Mwaya tupande meli ya Wajerumani, tushuke upande wa Songea. Kutoka hapo ni miguu mpaka Kilwa, mwezi na siku zake. Kilwa mpaka Dar es Salaam kwa chombo chochote kitakachopatikana, halafu meli kubwa mpaka Adeni. Adeni ngamia, na ngamia wakishindwa, punda, siku kumi na tano tukipanda. Nikamwuliza tukipanda mpaka wapi. Akasema mpaka masikio yazibe. Asubuhi maji ya mtungi yanaganda juu kama mafuta ya ng'ombe. Mji una ukuta mzima mzima na malango, jua likizama malango yanafungwa, na aliyebaki nje analala nje na mbwa.

“Na watu wanakubali kufungiwa?” nikauliza.

“Wanashukuru.”

“Sisi hufungia ndama.”

Hakupenda. Lakini alikuwa na furaha siku hizo, na mtu mwenye furaha hupitisha mengi. Akachora nyumba ya baba yake. Alichora sanduku, juu ya sanduku akaweka sanduku lingine, na lingine, hata yakawa sita, kijiti kikagonga shina la mgomba. Chini mawe, juu tofali, na kila dirisha limezungushiwa chokaa nyeupe kama macho ya mgonjwa aliyepakwa dawa. Chini kabisa wanakaa mbuzi na nafaka. Juu ya mbuzi jikoni, juu ya jikoni wanawake, halafu ndugu zake na wake zao. Juu kabisa, chumbani penye hewa, anakaa baba yake na wageni.

Nikauliza ngazi ziko ngapi.

“Ngazi ni moja.”

“Moja? Kwa watu wote hao?”

“Inazunguka katikati ya nyumba. Ngazi nzuri, ya mawe.”

“Mkwe wangu anaposhuka, mimi nipite wapi?”

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema hata kwao kuna adabu, nisidhani adabu ilizaliwa Mwaya. Mwanamume akianza kupanda ngazi anataja jina la Mungu kwa sauti, Allah, Allah, ngazi kwa ngazi, ili wanawake wasikie na wajifunike au waingie vyumbani. Hakuna anayemwona mke wa mwenzake.

Nikamwambia hilo ni la kuonwa. Mimi ninauliza la kuishi. Nilale chini ya miguu ya mkwe? Nipike moshi umfuate puani? Nimsikie anakohoa, anatema, anaita maji? Kwetu mtoto wa kiume anahama kijiji kizima ili hayo yasiwe, na kwenu mmewapanga baba na wana kama vyungu vya Wakisi mtumbwini, kimoja juu ya kingine.

“Utazoea,” akasema.

“Ng'ombe huzoea,” nikasema.

Tulianza hapo. Miezi miwili ile hatukuwa na siku ya maneno mazuri. Akileta blanketi, nitasema ni zito kwa kubebwa. Akisema liwe moja, nitasema tutakufa na baridi. Nilitaka kuchukua chungu kimoja cha Lyulilo, sokoni kwa Wakisi, nilichokizoea, akasema kitavunjika kwa mwendo wa ngamia, na zaidi ya hayo mama yake anapikia vyungu vya jiwe lililochongwa, vinatokota mezani mbele ya mlaji. Nikamwuliza watu wanaopikia jiwe wanakula nini, changarawe? Mtoto akacheka. Babu yenu akamtazama mtoto, halafu akanitazama mimi, na toka siku ile akaanza kumchukua mtoto peke yake jioni, wanakaa nje kwenye gogo.

Alikuwa anamfundisha majina. Saba, kuanzia jina lake yeye baba mtu, kwenda nyuma. Mama yenu alikuwa na kichwa chepesi, wiki moja tu akawa anayamwaga kama anayepura mpunga. Alipofika la pili nilikuwa ninaingia ndani. Kila jioni, jina la pili, mimi ndani. Mtoto akaliona hilo akaanza kulisema kwa nguvu ili aone nikikimbia. Nilimpiga kofi mara moja. Baba yake akasema, “Unampigia jina la babu yake?” Nikasema ninampigia ulimi. Tukalala hatujasemeshana.

Hata hivyo ningekwenda. Hilo mlijue, maana mama yenu amekuwa akiwaambia kwamba mimi nilikataa tangu mwanzo. Nilikuwa nalalamika, sikuwa nimekataa. Mume akisema twende, mke hulalamika huku anafunga mzigo. Nilikwisha kukausha ndizi na kuzifunga kwenye majani. Na zile ndizi ndizo zilizonifikisha kwenye sanduku.

Lilikuwa sanduku lake la miti, lenye misumari ya shaba, ufunguo anao yeye. Siku hiyo aliuacha kwa sababu alikwenda ufukoni kuuliza siku ya meli. Nikafungua nipange ndizi chini, nguo juu. Nikakuta kanzu tatu za kike zimekunjwa pamoja, kitambaa cha mistari, kizito, kazi ya fundi wa Mwaya. Nikaitandika ya kwanza kitandani: ya mtoto, sawasawa na mwili wake. Ya pili: ya mtoto vilevile, imeachiwa kidogo mabegani na chini, ya mwaka kesho au mwaka wa pili yake. Nikafurahi, nikasema kumbe anafikiri. Ya tatu nikadhani ni yangu. Nikaivaa. Haikupita mabegani.

Nilikaa nayo shingoni kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Mikono mirefu ya mtu mzima, kiuno chembamba, kifua kimeachiwa nafasi. Shingoni imetiwa nakshi ya uzi wa fedha. Haikuwa yangu, wala ya mtoto wa miaka tisa. Nikaivua, nikazipanga zote tatu kitandani, ndogo, ya kati, kubwa, nikaketi nikamngoja.

Alipoingia alisimama mlangoni, akaziona. Hakuuliza nani amefungua.

“Hii ya tatu ni ya nani?” nikasema.

“Watu hukua.”

“Hukua wapi?”

Nikamwambia nguo za safari hushonwa kwa mwili anaoondoka nao mtu. Hakuna anayeshonea mwili wa miaka sita ijayo, ila anayejua mtu huyo hatarudi. Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu taratibu, akasema. Barua ilikuwa na neno la pili. Mtoto wa ndugu yake yuko tayari, kijana mzuri, msomi wa kitabu. Mzee mwenyewe wa barua amekwisha kulikubali. Mtoto wetu akae huko na bibi yake, afundwe, akifika umri aolewe hapo hapo nyumbani, asiende kwa mgeni. Mimi na yeye tungerudi Mwaya. Alikuwa anatafuta siku ya kuniambia.

“Ungeniambia lini? Kwenye ngazi?”

“Ni damu yangu,” akasema. “Sitaki aolewe hapa na mtu wa kuchunga.”

“Mimi ulinioa kwa nani? Baba yangu alikuwa anachunga ng'ombe hao uliomletea.”

Nilikwenda kwa baba na mama yangu siku ile ile, jua kali, sikubeba hata mwavuli wa jani la mgomba. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ng'ombe walikwisha kuja, wakazaa, wakaliwa, na mtoto huenda na ng'ombe. Angekuwa amenioa bure ningekuwa na neno. Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi niliijua kabla sijatoka nyumbani. Mama alinisindikiza mpaka mtoni, akaniambia kitu kimoja tu: Mwarabu haendi pwani na mwanamke na mtoto mpaka boma liwaone. Wajerumani waliogopa watu wanaoshushwa pwani wakauzwe kama zamani, basi kila Mwarabu aliyetaka kusafiri na mwanamke au mtoto alipaswa kuwasimamisha mbele ya bwana mkubwa, waulizwe wenyewe kwa midomo yao, wapewe cheti.

Nilirudi nikawa mpole. Nikafunga mizigo, nikasonga nywele za mtoto. Babu yenu akadhani nimekubali, akaninunulia shanga. Nilizivaa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Bwana mkubwa ataniuliza mume wako nani, mwana wa nani. Nami nitanyamaza, na asiyejibu hapewi cheti. Nani atanilaumu? Mke wa kwetu hawezi kutaja, hata mtoto mchanga anajua hivyo. Kwa mara ya kwanza sheria ya mama yangu ingenifanyia kazi. Nilijiona mwerevu sana njia nzima, siku mbili za kupanda.

Bomani tulingoja chini ya dari la mabati mpaka mchana. Ndani palikuwa na meza, bwana mkubwa mwenye ndevu nyekundu anayejua Kiswahili cha kuamrisha, karani wa pwani aliyevaa koti, na tarishi mmoja mlangoni, mtu wa Njisi, wa lugha yetu. Babu yenu akaeleza safari yake vizuri, Mwaya mpaka Adeni, Adeni mpaka Sanaa. Karani akaandika. Halafu akaambiwa asogee ukutani, anyamaze.

Karani akanigeukia. “Mume wako nani, bin nani?”

Nikanyamaza.

Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayesema na kiziwi. Nikatazama sakafu. Babu yenu akasema pale ukutani kwamba ni mila yao, hawatajagi wakwe. Karani akamwambia alikwishaamriwa anyamaze. Halafu akacheka, akamwambia bwana mkubwa, “Mwanamke hajui ameolewa na mtoto wa nani. Huyu ameolewa au ameokotwa?” Tarishi wa Njisi alijua kwa nini sisemi, ila hakuna aliyemwuliza, naye hakutaka kuingiza mguu.

Bwana mkubwa akanitazama muda, akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, tayari. Nikaanza kufikiri nitapika nini tukifika nyumbani.

Ndipo karani akamwinamia mtoto. “Na wewe? Baba yako nani?”

Wajukuu zangu, mimi nilipanga ulimi wangu, nikasahau ulimi niliouzaa. Mjukuu hakatazwi jina la babu yake. Mtoto wangu alinyoosha shingo, mikono nyuma, akayamwaga yote saba, safi, bila kukosea, na la pili akalisema kwa nguvu kama alivyozoea. Bwana mkubwa akapiga meza kwa furaha. Akamwambia karani aandike: mtoto ni wa Mwarabu, amejieleza mwenyewe, aende na baba yake. Mwanamke huyu si mkewe, abaki.

Nilimtazama babu yenu. Nilidhani atabisha. Alitazama cheti kwanza. Halafu akasema kwa Kinyakyusa, polepole, ili karani asielewe: “Umejitoa mwenyewe.” Na akanyoosha mkono kuchukua cheti.

Nilikuwa nimeifunga ile kanzu ya tatu kiunoni, chini ya nguo zangu. Msiniulize kwa nini, sikutaka tu ibaki nyumbani na mimi sipo. Nikasogea mezani nikasema nina neno. Karani akasema neno langu la nini, nimeulizwa sikujibu, na mtu asiye mke wa mtu hana neno juu ya mtoto wa mtu. Tarishi akaja kunishika mkono.

Nikalitaja.

Nilitaja jina la bwana wangu na jina la baba yake, bin katikati, kwa sauti ya sokoni. Tarishi wa Njisi aliniachia kama aliyeshika chungu cha moto, akageuza uso ukutani. Mtoto aliacha mdomo wazi. Nikasema: huyu ni mume wangu kwa ng'ombe, baba yangu yupo, mkamwulize. Na mtoto huyu mimi ndiye niliyemzaa. Nikafungua kiuno, nikaitandaza kanzu juu ya karatasi zao. Nikasema, mwulizeni hii ni ya nani.

Bwana mkubwa aliinyanyua. Akaipima kwangu, akaona. Akaipima kwa mtoto, ikaburura sakafuni. Hakuhitaji mkalimani. Akamwuliza babu yenu mwenyewe, na babu yenu, mseme mtakavyo, hakuwa mwongo. Akasema ni ya harusi, kwa mtoto wa ndugu yake. Bwana mkubwa akachukua kile cheti akakichana vipande viwili. Akasema mtoto wa kike hatoki katika wilaya yake kwenda kuolewa kwa Waturuki, maana Sanaa siku hizo ilikuwa mikononi mwao, na mama yake hatoki, na Mwarabu akitaka aende zake peke yake. Mimi sikumshukuru. Hakufanya kwa ajili yangu, alifurahia kumkatalia Mwarabu. Lakini niliikunja kanzu nikaondoka nayo.

Tuliteremka bila neno, yeye mbele, mimi nyuma, mtoto katikati analia kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaaga rafiki zake wote. Tulipofika kwenye kivuko cha mto, babu yenu akasimama na maji magotini.

“Ulilitaja vizuri,” akasema bila kugeuka. “Hakuna mtu wa huku aliyewahi kulitaja vizuri hivyo. Wote wanalivunja.”

Nikasema nimelisikia miaka kumi.

“Nitamwambia baba kwamba mkwewe hamkwepi tena.”

“Mwambie alicho nacho ni mjukuu aliyeko Mwaya. Mwambie abaki na ngazi yake moja.”

Akavuka. Meli iliyofuata akapanda, na sanduku, na blanketi, na ndizi zangu. Kanzu mbili ndogo alimwachia mtoto. Ya tatu aliiacha kwangu bila kuitaja. Aliahidi kurudi mavuno ya pili. Mavuno ya pili ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza, meli zikaanza kupigana ziwani kwetu, na barua yoyote kutoka Arabuni ingepita wapi? Sikujua alifika, sikujua hakufika. Sijui mpaka leo. Mama yenu alipokua aliivaa ile kanzu. Ilimtosha kila mahali, mabegani na kiunoni. Babu yenu alikuwa na jicho la kupima. Aliivaa siku nzima akazunguka nayo Mwaya, na jioni akaniambia kwamba leo angekuwa bibi wa nyumba ya ghorofa sita. Nikamwambia angekuwa wa ghorofa ya tatu, ile ya wanawake.

Ndugu zangu walinitakasa kwa kulitaja jina, wakanichinjia jogoo, wakanitenga na moto wa jikoni kwa mama siku walizozijua wao. Walisema tumbo langu limeharibika kwa kosa hilo, ndiyo maana sikuzaa tena. Mimi nilisema sikuzaa tena kwa sababu mume hakuwapo. Kila mtu akabaki na lake.

Sasa lile mnalouliza. Jioni ile meli ilipoondoka, tuliporudi kutoka ufukoni, mtoto alikwenda kukaa peke yake kwenye lile gogo. Mama yangu alikuwa amekuja kulala kwetu, na binti wa ndugu yangu aliyenisaidia kupika. Mtoto akaanza majina. La kwanza. Alipofika la pili alinitazama aone kama nitakimbilia ndani, kama zamani. Sikukimbia. Nilikuwa nimekwisha kulisema, nikimbie nini? Akalisema, nami nikiwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Nikamwona anaogopa. Alijua kuwa kuna kitu kimevunjika na kwamba yeye alikuwapo. Mama yangu alikuwa ameziba masikio kwa niaba yangu.

Nikawaita wote watatu waje mlangoni, mama yangu, binti wa ndugu yangu na mtoto, nikawaambia nikiwa bado nimesimama:

“Majina ya mababu zake atayataja kila jioni, mpaka azeeke, na wanawe watayataja. Ila la pili ataliruka. Nimelitaja mimi mara moja, limetosha kwa nyumba nzima. Mtu yeyote asilitamke tena humu ndani. Haya, leteni vyungu, tule.”